Kijiji Kizima Juu ya Meza

Msomaji akisikia kwamba wako watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanaokesha wakijenga reli za kuchezea, huenda akacheka. Na acheke, wala hatakuwa wa kwanza. Lakini akishamaliza kucheka na aje barazani tulizungumze jambo hili kwa utaratibu, kwani ndani yake mna ufundi, mna hisabati, mna subira ambayo wengi wetu hatunayo, na kwa sisi watu wa pwani mna swali linalotugusa juu ya nyumba zetu wenyewe.

Kwanza tufahamiane. Gari la moshi la kuchezea si kazi kubwa. Linauzwa madukani tangu zamani. Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alianza kuyauza ya kwake mwaka wa 1920, na Wajerumani walimtangulia. Mtu hununua kichwa cha gari, mabehewa na vipande vya reli, akavipanga sakafuni duara, gari likazunguka. Likisha kuzunguka mara kumi mtoto huchoka nalo, na babake pia. Kazi yenyewe huanzia hapo, pale mtu anapojiuliza: gari hili latoka wapi na laenda wapi? Limepita kwenye nchi gani? Ndipo huanza kujenga nchi. Huinua milima, hupanda miti, huchimba mito, hujenga stesheni, maghala, nyumba, maduka na madaraja, vyote kwa kipimo kimoja, hata ukiinama jicho lako likawa sawa na reli, usahau kwamba uko chumbani mwa mtu.

Waliobobea wana kanuni moja ambayo naipenda sana. Katika dunia ya kweli nchi ndiyo iliyotangulia, reli ikaja baadaye ikaitii. Msomaji aliyewahi kupanda gari la zamani kutoka Mombasa anaijua Mazeras, jinsi reli ilivyojizungusha pale ikapita juu ya njia yake yenyewe, kama kilemba kichwani, kwa sababu mwinuko haukukubali kupandwa kwa mkato. Juu ya meza mambo ni kinyume. Reli hutangulia, tena hupinda kwa kuwa chumba ni kidogo wala si kwa kuwa kuna mlima. Basi fundi hodari huja nyuma akaweka kilima ili kuitetea kona, akaweka mto ili kulitetea daraja. Mtazamaji husema: hapa wahandisi hawakuwa na budi ila kupinda. Asiye fundi huweka kilima popote penye nafasi, na macho humsuta mara moja, hata kama mtazamaji hawezi kusema ni kosa gani.

VIPIMO

Kipimo kinachotumika sana Uingereza ni milimita 4 kwa kila futi moja ya kweli, yaani kitu hupunguzwa mara 76 na kidogo. Wajerumani na Wamarekani aghalabu hupunguza mara 87. Nimekaa nikakifasiri kile cha Kiingereza kwa vipimo vya wazee wetu, nikaona ajabu kinavyolingana: shubiri huwa milimita 3, dhiraa milimita 6, wari milimita 12, na pima moja milimita 24. Ungedhani kilibuniwa na seremala wa Lamu! Mtu mzima aliyesimama aghalabu hazidi pima hiyo moja, yaani milimita 24.

Lakini hebu tazama shida yake. Maili moja kwa kipimo hicho ni zaidi ya mita 21. Ukitaka kuijenga kwa haki reli ile iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwani, palipo Kisumu ya leo, mwaka wa 1901, itakubidi uwe na meza ya urefu wa kilomita 12 na ushei. Kwa hiyo kazi nzima hii ni kazi ya kuchagua. Fundi huchukua stesheni moja, daraja moja, kipande cha mji, akaviacha vingine vyote. Na mstari wa reli ukifika ukingoni mwa meza huuficha nyuma ya jengo au msitu, ili moyo wa mtazamaji uendelee nao safari. Washairi wataelewa ninalosema. Mizani ni michache, na bahari haingii yote katika ubeti.

MTU WA PENDON

Kati ya wote waliofanya kazi hii, mmoja ndiye aliyenishughulisha hata nikaandika makala haya. Jina lake Roye England, ingawa yeye hakuzaliwa England bali Australia, mjini Perth, mwaka wa 1906. Alifika Uingereza mwaka wa 1925, akiwa kijana, akipenda magari ya moshi ya kampuni ya Great Western. Akakaa mashambani karibu na mji wa Swindon, ambapo kampuni hiyo ilikuwa na karakana zake kuu, katika bonde liitwalo Vale of White Horse.

Huko reli ilimvuta, lakini nyumba zikamteka. Bonde lile lilikuwa na vijiji vya kale vya nyumba ndogo za mawe, matofali na miti, zilizoezekwa kwa mabua ya ngano, zimesimama mamia ya miaka. Na yeye, mgeni, akaona jambo ambalo wenyeji walikuwa wamelizoea hata hawalioni tena: nyumba zile zilikuwa zikiondoka. Moja huvuliwa paa lake la mabua ikavikwa vitu vya kiwandani, nyingine huvunjwa, nyingine hubadilishwa madirisha ikawa haina sura yake wala ya mwingine. Hakuwa na mali ya kuzinunua wala cheo cha kuwakataza watu. Akaazimia kuzijenga upya kwa udogo, kila moja kama ilivyokuwa, ili watakaokuja baadaye wajue.

Akazunguka akipima kuta, akipiga picha, akiandika rangi za mawe na za vigae. Kisha akakaa kitako na karatasi ngumu, kisu na rangi za maji. Ukuta wa matofali haukuwa karatasi iliyochapishwa matofali. Kila tofali lilichorwa kwa ncha kali, kisha likapakwa rangi yake pekee, kwani katika ukuta wa kweli hakuna matofali mawili yenye wekundu mmoja. Mapaa ya mabua yalitengenezwa kwa nyuzi mfano wa zile za katani ambazo mafundi wetu wa mabomba huzungushia penye viungo, zikapangwa fungu kwa fungu na kukatwa kama aezekavyo muezekaji. Bustanini mna mboga zilizopandwa kwa safu, na maua ukutani. Nyumba moja huweza kumchukua fundi miezi, na nyingine miaka.

Mwaka wa 1954 alianzisha jumba la maonyesho katika kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire, likaitwa Pendon. Kijiji kilichomo juu ya meza, Pendon Parva, hakipo katika ramani yoyote, lakini nyumba zake ni za kweli: zilichukuliwa huku na huko bondeni zikakusanywa mahali pamoja, kama zilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930. Wenzake wakamjia wakamsaidia. Mmoja wao, Guy Williams, alimjengea vichwa vya magari ya moshi kwa mikono yake, na upande mwingine wa jumba kukajengwa nchi ya Dartmoor na daraja refu la miti lililofuata mtindo wa mhandisi Brunel. England alifariki mwaka wa 1995. Kazi haikusimama, wanaojitolea wanaiendeleza hadi leo.

Hapo ndipo nilipotia alama. Kampuni ile ya Great Western ilichukuliwa na serikali pamoja na reli nyinginezo mwaka wa 1948. Magari ya makaa yaliondoshwa katika huduma za kawaida za reli ya Uingereza mwaka wa 1968. Nyumba nyingi za bonde ama hazipo, ama zipo lakini zimegeuka. Mfano ukabaki, na kwa yule atakaye kujua ukuta fulani ulikuwaje, siku hizi huenda mfano ndio shahidi aliye hai zaidi kuliko ukuta.

JE, SI SANAMU?

Lazima nisimame kidogo, kwa kuwa najua swali lililo kifuani mwa msomaji. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu na bakora yake tulifunzwa mapema juu ya watengenezao sura. Basi imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba mtu mmoja aliyekuwa akila kwa kazi hiyo ya kufanya sura alimwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake na juu ya babake, akimtaka fatwa. Ibn Abbas akamsomea onyo la Mtume, rehema na amani zimfikie. Mtu yule akaingiwa na hofu kubwa. Kisha akamfungulia mlango: akiwa hana budi na kazi yake, na aishike miti na kila kisichokuwa na roho.

Sasa tazama kazi tunayoizungumza. Ni miti, milima, mawe, mito, nyumba na reli! Sidhani iko sanaa ya kuiga iliyokaa ndani ya mpaka ule kwa raha kama hii. Kuhusu vijitu na ng'ombe wadogo ambao baadhi ya mafundi huwatia, wanavyuoni wamehitilafiana, na yako yanayojulikana juu ya vijidoli alivyochezea Bibi Aisha utotoni. Hayo nayaacha kwa wenyewe. Ila nasema kwa jicho la mtazamaji tu: vijitu vile aghalabu huharibu. Mtu aliyeinua mguu wala haushushi, saa ya kwanza huchekesha, saa ya pili huchosha. Kamba ya nguo zilizoanikwa, mlango ulioachwa nusu wazi, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, huonyesha kwamba watu wapo, tena wametoka sasa hivi.

UDONGO, JASI NA MACHO

Mlima hujengwaje? Chini kuna kiunzi cha mbao. Juu yake huwekwa wavu wa waya, au vipande vya kadibodi vilivyosukwa kama jamvi, au hata magazeti ya kale yaliyofinyangwa (wasomaji wa ukurasa huu msichukie). Kisha hutandazwa karatasi au vitambaa vilivyochovywa katika jasi la maji. Likikauka huwa gamba gumu, jepesi. Majabali humiminwa katika kalibu za mpira zilizochukuliwa kwa mawe ya kweli. Halafu rangi, udongo uliochekechwa, unga wa mbao uliotiwa rangi, au sponji iliyosagwa kuwa majani. Miti hufanywa kwa nyaya zilizosokotwa pamoja, zikatawanywa juu kuwa matawi.

Lakini mambo matatu ndiyo yanayompambanua fundi. La kwanza ni mchanga. Mtu hudhani kwamba mchanga wa kweli ndio utakaofaa pwani ya mfano. Haufai! Chembe ya milimita 1 kwa kipimo kile ni jiwe la sentimita 7 na nusu. Ukiutandaza ufuoni utapata ufuo wa kokoto. Wafaa zaidi chini ya mataruma ya reli, mahali penye kokoto kwa haki yake. La pili ni maji. Maji ya kweli katika mto wa mfano huonekana kama maji yaliyomwagika, kwa sababu wimbi halipungui mara 76. Fundi hupaka sakafu ya mto rangi ya kina, kisha akaiweka vanishi tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikauka kabla ya nyingine.

La tatu ni rangi. Ukiitazama nyumba ya mfano kutoka futi mbili, ni sawa na kusimama futi 150 kutoka kwa nyumba ya kweli. Na kwa umbali huo hakuna nyekundu inayobaki nyekundu. Hewa na vumbi huzifunika rangi zote kwa kijivu. Anayepaka rangi kama ilivyotoka mkebeni hupata nyumba ya peremende. Hivyo hupaka, kisha hufubaza: kutu penye chuma, masizi penye bomba la moshi, ukungu chini ya ukuta penye unyevu.

Aliyewashinda wengi katika mambo hayo ya kuchakaza alikuwa Mmarekani, John Allen wa Monterey, California, ambaye kwa kazi alikuwa mpiga picha. Katika chumba cha chini cha nyumba yake alijenga milima kutoka sakafuni hadi darini, madaraja juu ya mabonde, na vioo vilivyofichwa ili njia zionekane ndefu kuliko zilivyo. Picha zake zilisambaa katika magazeti ya wapenzi wa reli, na wengi walijifunza kwake kwamba kitu kipya kabisa huonekana cha uongo. Allen alifariki mwezi wa Januari 1973. Siku kumi baadaye nyumba iliwaka moto, na karibu kazi yake yote ikateketea. Zilibaki picha.

Nikiziweka kazi mbili hizi ubavu kwa ubavu, naona kwamba tofauti haikuwa ya mikono. Moja ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu, ikaenda naye. Nyingine mwenyewe aliitoa mikononi mwake angali hai, akaikabidhi kwa jumba lenye wadhamini. Sisi tungesema ameiweka wakfu.

Kwa sasa kubwa kupita zote iko Hamburg, Ujerumani: Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka wa 2001 na ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun. Mna magari zaidi ya elfu moja, vijitu zaidi ya laki mbili, na usiku unaoingia kila baada ya dakika chache, taa zikawaka mjini. Iko ndani ya maghala ya kale ya bandari, yaliyokuwa yakiwekwa kahawa, viungo na mazulia. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wenyeji wa Unguja tangu zama za Masayyid, na ndiko Sayyida Salme alikohamia baada ya kuolewa na ndiko alikozikwa. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini moyo wangu uko Pendon. Hamburg watu huenda kushangaa. Pendon waweza kwenda kupima.

NA SISI?

Watu wetu hawajakosa mikono. Lamu huchongwa mifano ya majahazi hadi leo, na jumba la makumbusho la Lamu lina mifano mizuri ya vyombo vya baharini. Lakini nyingi za zile ziuzwazo kwa watalii zimechongwa kwa kukisia: mlingoti mrefu mno, foromali fupi mno, kwa kuwa mnunuzi hajui. Na nyumba je? Lamu ilitiwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2001, na Ngome ya Yesu mwaka wa 2011. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, tembea Mji wa Kale wa Mombasa, tembea Pate, Siyu na Faza, uhesabu makuti yaliyogeuka mabati na kuta za matumbawe zilizogeuka simiti. Siwalaumu wenye nyumba. Makuti huvuja na huwaka moto, na fundi wa chokaa hapatikani kila mtaa. Roye England naye hakuwalaumu majirani zake kwa lawama zenye kuezua paa. Alichukua utepe akapima.

Hata reli imetuacha. Mwaka wa 2017 magari ya abiria ya njia ile ya mita moja baina ya Mombasa na Nairobi yalisimama, na safari zikahamia reli mpya inayoanzia Miritini. Nairobi kuna jumba la makumbusho ya reli tangu mwaka wa 1971, lenye vichwa vya magari vya kweli. Lakini kichwa cha gari peke yake ni sawa na nahodha bila chombo. Vikioski vya kahawa vya stesheni, wachuuzi wa madafu, mibuyu ya Mariakani, vivuli vya miembe penye behewa la daraja la tatu: hivyo havimo.

Vifaa vyake vyote viko jikoni na uani. Unyoya wa kuku ukikatwa vizuri huwa kuti la mnazi. Mizizi mikavu ya kichaka huwa mikoko. Ukindu uliochanwa mwembamba huezeka. Usumba huwa nyasi kavu za Taru. Chokaa yenyewe hupaka kuta. Tahadhari zetu ni mbili ambazo Waingereza hawakuzihitaji sana: karatasi ngumu ipakwe vanishi pande zote mbili, la sivyo unyevu wa kusi utaikunja, na gundi ya unga isitumike hata kidogo, kwani mende huiona karamu.

Na akitokea kijana atakaye kuanza, asianze na reli. Aanze na nyumba moja, iliyosimama bado, na mwenye nyumba akubali. Apime daka, apime sebule, apime wikio linalovuka njia kama lipo, aandike idadi ya boriti na ya zidaka, amuulize bibi wa nyumba kila chumba kilikuwa cha nini. Ataona kwamba vyumba vyetu ni vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya pima moja na nusu. Kwa kipimo cha Pendon hiyo ni milimita 36, na ukuta wa dhiraa moja ni milimita 6. Nyumba nzima, na kiwanda chake na kisima chake, itakaa juu ya sinia la halua.